Mwitikio wa Mfumo wa Kinga dhidi ya Virusi vya Dengi: Ufafanuzi kwa Kurejelea Milipuko ya Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mfumo wa kinga wa mwili wa binadamu unavyoitikia maambukizi ya virusi, kwa kutumia mfano wa homa ya dengi, ambayo imelipuka zaidi ya mara moja jijini Dar es Salaam tangu mwaka 2010. Dengi imechaguliwa kwa sababu inakiuka matarajio ya kawaida. Katika magonjwa mengi ya virusi, aliyeugua na kupona huwa salama zaidi kuliko asiyeugua. Katika dengi, aliyepona maambukizi ya kwanza anaweza kuugua vikali zaidi anapoambukizwa aina nyingine ya kirusi hicho. Hoja kuu ya makala ni kwamba kinga haipimwi kwa wingi wake pekee, bali kwa ulinganifu wake na kirusi kilichopo. Makala yanaonesha pia kwamba lugha ya Kiswahili inayotumika kuelezea kinga kwa umma, hasa sitiari ya askari wa mwili, inaficha jambo hilo, na yanapendekeza njia nyingine ya kulieleza.

1.0 Utangulizi

Tuchukue mfano wa mkazi wa Chanika, kata iliyo pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam upande wa Pugu na msitu wa Kazimzumbwi. Mwaka 2014 aliugua homa kali, akaumwa kichwa, macho na viungo, kisha akapona baada ya wiki moja. Mwaka 2019 homa inayofanana na ile inamrudia. Swali analojiuliza ni la haki kabisa: je, mtu aliyekwisha kuugua ugonjwa huu hana kinga nao?

Jibu la swali hilo si “ndiyo” wala “hapana”. Anayo kinga, na kinga hiyo inafanya kazi. Hata hivyo, ikiwa kirusi cha mwaka 2019 si cha aina ile ya mwaka 2014, kinga aliyonayo inaweza kukisaidia kirusi kipya kuingia ndani ya seli zake. Ili kuelewa jambo hili, ni lazima kufuata mwitikio wa mwili hatua kwa hatua: kirusi kinavyotambuliwa, kinavyoshikwa, kinavyozimwa, na mwili unavyokikumbuka.

Makala yamegawanyika katika sehemu nane, pamoja na utangulizi huu. Sehemu ya pili inaeleza historia ya dengi katika pwani ya Waswahili. Sehemu ya tatu na ya nne zinafafanua mwitikio wa awali na mwitikio mahususi. Sehemu ya tano, ambayo ndiyo kiini, inaeleza maambukizi ya pili. Sehemu ya sita inaonesha athari za maelezo hayo kwa vipimo, tiba na chanjo. Sehemu ya saba inajadili lugha. Na sehemu ya nane ni hitimisho.

2.0 Dengi katika Pwani ya Waswahili na Dar es Salaam

Ugonjwa huu si mgeni katika pwani yetu, wala jina lake si geni katika lugha yetu. James Christie, daktari aliyefanya kazi Zanzibar katika karne ya 19, aliandika kuhusu magonjwa ya mlipuko yaliyotokea kisiwani humo mwaka 1823 na mwaka 1870, ambayo wenyeji waliyaita kwa jina linalokaribiana na kidingapopo. Wanaisimu na wanahistoria wa tiba kadhaa wamelihusisha neno “dengue”, linalotumika leo ulimwenguni, na jina hilo la Kiswahili. Hata hivyo, baadhi ya watafiti wa baadaye wameona kwamba dalili alizozieleza Christie zinafanana zaidi na za chikungunya, ugonjwa mwingine wa virusi uliotambuliwa rasmi katika uwanda wa Makonde, eneo la Newala, katika mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953. Jina la chikungunya nalo limetoka katika Kimakonde, likirejelea mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Mchanganyiko huo una mafunzo kwa hoja yetu: dalili za nje hazitoshi kutambulisha kirusi, na mtu anayesema “niliwahi kuugua ugonjwa huu” huenda anazungumzia kirusi kingine kabisa.

Katika karne hii, kumbukumbu ni wazi zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2010 wasafiri waliorejea Ulaya kutoka Zanzibar na Komoro waligunduliwa kuwa na dengi ya aina ya 3. Mlipuko wa mwaka 2014 jijini Dar es Salaam, ulioenea katika wilaya tatu za wakati ule, yaani Kinondoni, Ilala na Temeke, ulisababishwa na aina ya 2. Katika mlipuko wa mwaka 2019, ambapo zaidi ya wagonjwa 6,000 walithibitishwa nchini, wengi wao wakiwa Dar es Salaam wakifuatiwa na wa Tanga, aina ya 1 ilibainika kusambaa jijini. Kwa hiyo, katika muda wa miaka kumi, angalau aina tatu kati ya nne za kirusi cha dengi zimepita katika ukanda huu. Ukweli huo mmoja ndio unaoifanya mada ya maambukizi ya pili kuwa ya lazima kwa Dar es Salaam.

Kirusi huenezwa na mbu jike aina ya Aedes aegypti, mwenye madoa meupe miguuni, ambaye huuma mchana na hutaga mayai katika maji yaliyotuama karibu na makazi. Katika maeneo ya pembezoni kama Chanika, ambako kaya nyingi huhifadhi maji ya kisima au ya mvua katika mapipa, ndoo na matangi, mbu huyu hapati shida ya kupata mahali pa kuzaliana. Mayai yake huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa na kuanguliwa maji yanaporudi. Chandarua, ambacho ni silaha kubwa dhidi ya mbu wa malaria aumaye usiku, kina msaada mdogo dhidi ya mbu aumaye wakati watu wako shuleni, sokoni na uani.

3.0 Mwitikio wa Awali: Kutambua Ugeni

Kirusi cha dengi ni kidogo na chepesi kwa muundo. Kina uzi mmoja wa RNA wenye herufi za kijenetiki zipatazo 10,700, unaotoa maelekezo ya kutengeneza protini 10 tu. Protini tatu hujenga umbo la kirusi chenyewe. Saba zilizobaki hufanya kazi ndani ya seli iliyovamiwa. Protini ya gamba la nje, inayojulikana kama protini E, ndiyo inayojishikiza kwenye seli ya binadamu na kukiwezesha kirusi kuingia.

Mbu anapouma, kirusi huachwa ndani ya ngozi. Miongoni mwa seli za kwanza kuvamiwa ni seli za dendriti, ambazo kazi yake ya kawaida ni kulinda ngozi na kupeleka taarifa za uvamizi kwenye tezi za limfu. Hapa pana jambo la kuzingatia tangu mapema: dengi hulenga seli za kinga zenyewe. Seli za dendriti, monositi na makrofaji, ambazo ni walaji wa vijidudu, ndizo makazi makuu ya kirusi hiki.

Seli iliyovamiwa haikai kimya. Ndani yake mna vipokezi vinavyotambua RNA ya umbo lisilo la kawaida kwa binadamu. Vipokezi hivi havijui kama mvamizi ni dengi, mafua au surua. Vinachojua ni kwamba kuna ugeni. Vikishaamshwa, seli hutoa interferoni, protini zilizogunduliwa mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann jijini London. Interferoni huzifikia seli jirani na kuziamsha zifunge njia ambazo kirusi kingezitumia kujizalisha. Kazi hii huanza ndani ya saa chache, siku kadhaa kabla ya kingamwili yoyote kutengenezwa.

Pamoja na interferoni hutolewa saitokini nyingine, ambazo hufika katika ubongo na kupandisha kipimo cha joto la mwili. Homa, maumivu ya misuli na uchovu, kwa sehemu kubwa, si kazi ya kirusi moja kwa moja bali ni kazi ya mwitikio wa mwili dhidi ya kirusi. Jambo hili litatusaidia baadaye kuelewa kwa nini mgonjwa wa dengi anaweza kuzidiwa wakati kirusi kinapungua.

Kirusi nacho kina njia za kujihami. Mojawapo ya protini zake, NS5, husababisha kuharibiwa kwa STAT2, kiungo muhimu katika mnyororo unaopokea ujumbe wa interferoni. Ujumbe unatumwa, lakini ndani ya seli iliyovamiwa hausikiki. Ndiyo maana mwitikio wa awali, pamoja na kasi yake, mara nyingi hauwezi kumaliza maambukizi peke yake.

4.0 Mwitikio Mahususi na Kumbukumbu

Wakati mwitikio wa awali unapunguza kasi ya kirusi, vipande vya protini zake hupelekwa kwenye tezi za limfu. Humo mna seli B na seli T za namna nyingi mno, kila moja ikiwa na kipokezi chake cha kipekee. Chache kati yake zina vipokezi vinavyolingana na vipande hivyo. Hizo huchaguliwa, huzaliana kwa wingi na kugawana kazi. Seli T angamizi huua seli zilizokwisha kuvamiwa. Seli T saidizi huziongoza seli B. Na seli B hugeuka kuwa viwanda vya kingamwili.

Katika maambukizi ya kwanza ya dengi, kingamwili za kundi la IgM huanza kuonekana katika damu takribani siku ya nne au ya tano ya ugonjwa. Zile za IgG hufuata baadaye, nazo hudumu kwa miaka. Baada ya kupona, seli nyingi zilizoshiriki hufa, lakini baadhi hubaki kama seli za kumbukumbu, na nyingine hukaa katika uboho wa mifupa zikiendelea kutoa kingamwili kidogo kidogo.

Nguvu ya kumbukumbu hiyo ilioneshwa mapema kabla seli hizi hazijajulikana. Mwaka 1846 daktari Peter Panum aliuchunguza mlipuko wa surua katika visiwa vya Faroe, ambavyo havikuwa na ugonjwa huo tangu mwaka 1781. Aliona kwamba wazee waliougua utotoni, miaka 65 nyuma, hawakuugua tena. Surua ina kirusi cha aina moja kwa maana ya kinga: kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya kirusi cha jana zinakizima pia cha leo. Hali ni hiyo hiyo kwa ndui, na ndiyo sababu moja iliyowezesha chanjo kuufuta ugonjwa huo, ambapo mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya asili alipatikana Merka, Somalia, mwaka 1977.

Uzoefu wa surua na ndui ndio uliojenga imani ya jumla kwamba ukiugua mara moja umemaliza. Kwa magonjwa hayo imani hiyo ni sahihi. Tatizo huanza inapohamishiwa kwa dengi.

5.0 Maambukizi ya Pili

5.1 Aina nne zinazofanana nusunusu

Virusi vya dengi ni vya aina nne. Protini zake zinafanana kwa takribani theluthi mbili. Kiwango hicho cha mfanano ndicho chanzo cha tatizo. Kama aina hizo zingefanana kabisa, kinga ya moja ingetosha kwa zote, kama ilivyo kwa surua. Kama zingetofautiana kabisa, kinga ya moja isingezitambua nyingine, na kila maambukizi yangekuwa kama ya kwanza. Kwa kuwa zinafanana kwa sehemu, kinga ya aina moja huzitambua nyingine bila kuwa na uwezo wa kutosha wa kuzizima.

Aliyepona aina ya 2 hubaki na kinga ya muda mrefu dhidi ya aina ya 2. Kwa miezi kadhaa ya mwanzo huwa pia na kinga ya muda dhidi ya aina nyingine, kwa kuwa wingi wa kingamwili hufidia udhaifu wa ulinganifu wake. Kadiri muda unavyopita, kingamwili hupungua hadi kufikia kiwango cha kati, na hapo ndipo hatari inapoanza.

5.2 Kushika bila kuzima

Kingamwili ina umbo linalofanana na herufi Y. Mikono yake miwili hushika kirusi. Mkia wake hutumika kama mpini, ambao makrofaji na monositi huudaka kwa vipokezi maalumu vilivyo juu ya utando wao. Katika hali ya kawaida utaratibu huu ni wa manufaa makubwa: kirusi kilichozungukwa na kingamwili za kutosha hakiwezi tena kujishikiza kwenye seli, na mlaji hukimeza na kukisaga.

Tofauti ya msingi iliyopo ni kati ya kingamwili zinazozima na kingamwili zinazoshika tu. Ili kirusi kizimwe, ni lazima kishikwe na kingamwili nyingi za kutosha, katika sehemu zinazofaa. Kingamwili isiyolingana vizuri ni kama ufunguo unaoingia katika kitasa lakini haugeuki. Kirusi kilichoshikwa na kingamwili chache za namna hiyo kinabaki hai, na sasa kina mpini. Makrofaji anaudaka mpini huo na kukivuta kirusi ndani, kama alivyozoea. Lakini makrofaji na monositi ndizo seli ambazo dengi hupenda kujizalishia. Mlaji amemkaribisha mgeni ndani ya nyumba ambayo mgeni alikuwa anaitafuta. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kinachosaidia ugonjwa ni sehemu halisi ya kinga.

Matokeo yake ni kwamba seli nyingi zaidi huvamiwa, kirusi huzaliana zaidi, na protini NS1, ambayo seli zilizovamiwa huimwaga katika damu, huongezeka. NS1 pamoja na wimbi la saitokini hulegeza kuta za mishipa midogo ya damu. Maji ya damu, yaani plazima, huvuja na kuingia katika tumbo na kifua; damu inayobaki huwa nzito; chembe sahani hupungua; na msukumo wa damu unaweza kushuka hadi mgonjwa akazimia.

5.3 Ushahidi

Dhana hii haikuanza na dengi. Mwaka 1964 Royle Hawkes, akifanya kazi Australia, aliona kwamba kingamwili zilizozimuliwa sana ziliongeza maambukizi ya virusi vya jamii moja na dengi badala ya kuyazuia. Katika miaka hiyo hiyo Scott Halstead na wenzake, waliokuwa wakichunguza dengi kali ya watoto jijini Bangkok, waliona kwamba ugonjwa mkali uliwapata watoto wa makundi mawili: waliokuwa wanaambukizwa kwa mara ya pili, na watoto wachanga waliokuwa wanaambukizwa kwa mara ya kwanza lakini waliozaliwa na mama wenye kinga ya dengi.

Kundi la pili ndilo lenye ushahidi mzito zaidi kimantiki. Mtoto mchanga hana kumbukumbu yake mwenyewe ya dengi, wala seli za kumbukumbu za mama hazimfikii kwa kiasi cha kulieleza jambo hili. Alichopewa ni kingamwili tu, kupitia kondo la nyuma. Katika miezi ya mwanzo zinamlinda. Zinapopungua, takribani kati ya mwezi wa 6 na wa 9, ndipo dengi kali ilipoonekana zaidi. Kingamwili zilezile, katika mwili uleule, zimelinda zilipokuwa nyingi na kudhuru zilipofikia kiwango cha kati.

Cuba ilitoa ushahidi wa jamii nzima. Mwaka 1977 aina ya 1 ilienea kisiwani humo bila madhara makubwa. Mwaka 1981 ilikuja aina ya 2, wakaripotiwa wagonjwa 344,203 na vifo 158. Mwaka 1997 aina ya 2 ilipozuka tena katika mji wa Santiago de Cuba, walioathirika vikali walikuwa karibu wote watu wazima, yaani wale waliokuwa na umri wa kutosha kuwa wameambukizwa aina ya 1 miaka 20 nyuma. Muda haukuwa umeiondoa hatari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliowafuatilia watoto wa Managua, Nikaragua, kwa miaka mingi, ulithibitisha kwamba hatari ya dengi kali huongezeka kwa wenye kingamwili za kiwango cha kati, si kwa wasio nazo wala kwa walio nazo nyingi.

Ni muhimu kuweka mipaka ya hoja hii. Maambukizi mengi ya pili hayafikii ugonjwa mkali, na mengi hupita bila dalili yoyote. Aidha, maambukizi ya kwanza nayo huweza kuwa makali kwa baadhi ya watu. Kinachosemwa ni kwamba hatari huongezeka, na kwamba kuwahi kuugua si sababu ya kujiona salama.

6.0 Athari kwa Vipimo, Tiba na Chanjo

Athari ya kwanza inahusu historia ya mgonjwa. Inakadiriwa kwamba takribani robo tatu ya maambukizi ya dengi hayaoneshi dalili za wazi. Isitoshe, kwa muda mrefu homa nchini Tanzania imechukuliwa kuwa malaria hadi ithibitishwe vinginevyo. Utafiti uliofanywa mwaka 2008 kwa watoto 1,005 wenye homa katika Dar es Salaam na Ifakara ulionesha kwamba malaria ilikuwa takribani kwa mtoto mmoja kati ya kumi, huku virusi vikiwa chanzo kikuu cha homa. Kwa hiyo mkazi wa Chanika anayesema hajawahi kuugua dengi hawezi kuwa na uhakika. Maambukizi anayoyaona kuwa ya kwanza yanaweza kuwa ya pili.

Athari ya pili inahusu vipimo. Katika siku za mwanzo kipimo kinachofaa ni kile cha protini NS1 au cha RNA ya kirusi, kwa kuwa kingamwili bado hazijajitokeza. Baadaye IgM huonekana. IgG inayopanda kwa kasi na mapema ni ishara ya maambukizi ya pili, kwa sababu inatoka kwenye seli za kumbukumbu zilizokuwa tayari. Tahadhari inahitajika hapa: kingamwili za chanjo ya homa ya manjano zinaweza kukichanganya kipimo cha IgG, kwa kuwa virusi hivyo ni vya jamii moja na dengi.

Athari ya tatu, na iliyo nzito kuliko zote kwa mgonjwa, inahusu wakati. Dengi kali huanza homa inaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 7. Wakati huo kirusi katika damu kinapungua, lakini mwitikio wa kinga uko kileleni na mishipa inavuja. Familia inayoona homa imeshuka hufurahi na huweza kumrudisha mgonjwa nyumbani katika saa 24 hadi 48 ambazo ndizo za hatari zaidi. Dalili za kuangaliwa ni maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, kutoka damu kwenye fizi au puani, kutotulia au kulegea kusiko kwa kawaida, na kupumua kwa shida. Hakuna dawa ya kuua kirusi. Tiba ni kurudisha maji mwilini kwa kipimo na kumfuatilia mgonjwa kwa karibu, na kwa uangalizi mzuri vifo vya dengi kali hushuka chini ya asilimia 1. Parasetamoli hutumika kwa homa. Aspirini na ibuprofeni huepukwa kwa kuwa huongeza hatari ya kuvuja damu.

Athari ya nne inahusu chanjo. Mwaka 2016 Ufilipino ilianza kuwachanja wanafunzi kwa chanjo ya Dengvaxia, na zaidi ya watoto 800,000 walichanjwa. Mwezi Novemba 2017 mtengenezaji, Sanofi, alitangaza kwamba kwa watoto ambao hawakuwa wameambukizwa kabla, chanjo hiyo iliongeza uwezekano wa kuugua vikali walipoambukizwa baadaye. Mpango ukasitishwa. Maelezo yake yamo katika sehemu ya tano ya makala haya: kwa mtoto asiye na kinga, chanjo ilifanya kazi ya maambukizi ya kwanza, na kirusi cha kwanza cha kweli kikawa sawa na cha pili. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba njia bora ni kupima kwanza, kisha kuchanja waliokwisha kuambukizwa tu. Pigo kwa imani ya wazazi wa Ufilipino kuhusu chanjo kwa jumla lilikuwa kubwa. Nchi yoyote itakayofikiria chanjo ya dengi itahitaji kuwaeleza wazazi jambo hili mapema, kwa lugha wanayoielewa.

7.0 Lugha ya Kinga katika Kiswahili

Lugha hiyo kwa sasa haijitoshelezi. Elimu kubwa ya umma kuhusu kinga katika Kiswahili ilijengwa na UKIMWI, ambao jina lake lenyewe ni kifupi cha Upungufu wa Kinga Mwilini. Seli za CD4 zilielezwa kuwa askari wa mwili, na ugonjwa ukaelezwa kuwa ni kupungua kwa askari hao. Kwa VVU sitiari hii inafaa, kwa sababu idadi ya seli hizo kweli ndiyo inayopimwa. Kutokana nayo tumezoea kusema kinga imeshuka, kinga imepanda, ongeza kinga. Wakati wa UVIKO-19 lugha hiyo ilienea zaidi, na kujifukiza pamoja na vinywaji vya tangawizi na limau vikaelezwa kuwa ni njia za kupandisha kinga.

Lugha ya kiasi haiwezi kuielezea dengi. Mgonjwa wa dengi kali hana askari wachache. Mara nyingi mwitikio wake ni mkubwa kupita kiasi. Kumwambia aongeze kinga ni kumpa ushauri usiohusiana na tatizo lake. Sitiari ya askari ina kasoro ya pili: askari hujulikana kwa utii, na msikilizaji hawezi kufikiri kwamba askari wake mwenyewe ndiye aliyemfungulia adui lango.

Makala haya yanapendekeza kwamba maelezo kwa umma yajengwe juu ya vitenzi vinne badala ya nomino moja: kutambua, kushika, kuzima na kukumbuka. Vitenzi hivi ni vya kawaida, havihitaji istilahi mpya, na vinaruhusu kusema jambo ambalo neno kinga peke yake haliruhusu, yaani kwamba mwili unaweza kukumbuka na kushika bila kuzima. Ujumbe unaoweza kutolewa katika zahanati yoyote ya Chanika unaweza kuwa huu: “Mwili wako unaikumbuka dengi ya kwanza. Dengi ya pili inaweza kuwa ya aina nyingine, na mwili ukaishika bila kuizima. Kwa hiyo, ukiwa umewahi kuugua, wahi zaidi, na usiondoke kwenye uangalizi kwa sababu tu homa imeshuka.”

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba mwitikio wa mwili dhidi ya virusi una hatua zinazotegemeana. Mwitikio wa awali hutambua ugeni kwa haraka bila kujua ni nani. Mwitikio mahususi huchagua seli zinazolingana na mvamizi. Na kumbukumbu huuandaa mwili kwa mvamizi yuleyule. Katika surua, kumbukumbu hiyo hulinda kwa maisha. Katika dengi, ambayo aina zake nne zinafanana kwa sehemu tu, kumbukumbu ya aina moja huweza kukipa kirusi cha aina nyingine njia ya kuingia katika seli. Tofauti hiyo haitokani na wingi wa kinga, bali na ulinganifu wake.

Kwa Dar es Salaam, ambako aina tofauti za kirusi zimepita kwa zamu, idadi ya watu waliokwisha kuambukizwa mara moja bila wao kujua inaongezeka kwa kila mlipuko. Hao ndio wanaohitaji kufikiwa kwanza. Utafiti zaidi unahitajika katika maeneo mawili: upimaji wa kingamwili za kila aina ya dengi katika kata za pembezoni, ili ijulikane ni wangapi wanaokabiliwa na maambukizi ya pili, na uchunguzi wa namna wagonjwa na wahudumu wa afya wanavyoielewa dhana ya kinga wanapozungumza kwa Kiswahili. Kazi ya kwanza ni ya maabara na ya pili ni ya lugha, na zote mbili zinastahili kukamilika kabla ya mlipuko ujao.